Nta, Kisu na Macho ya Mwajuma

Siku mliponiaga mlinipa blanketi, chupa mbili za chai na saa ya ukutani. Saa nimeitundika sebuleni, na mpaka leo sijaelewa mtu aliyestaafu apewe saa ya nini. Kabla sijapanda gari, Dokta Neema, mkuu wetu wa maabara, alinishika mkono akasema, "Mama Hidaya, utuandikie. Hawa vijana wamekuta mashine inayokata yenyewe. Hawajui nyinyi mlikuwa mnafanyaje." Nikaitikia upesi kwa sababu mvua ilikuwa imeanza na dereva alikuwa ananuna. Sasa nimekaa hapa nyumbani, juu kidogo ya Lushoto mjini, na ahadi ni ahadi.

Sitaandika habari za vyeo. Nilipanda viwili, vyote kwa barua, na barua zote mbili zilikosea jina langu.

Nilianza kazi kama mwosha vyombo vya maabara. Nilikuwa binti wa Mlola, nimemaliza kidato cha nne, sijawahi kuona hadubini isipokuwa kwenye picha. Maabara yetu wakati huo ilikuwa vyumba vitatu chini ya mikaratusi, bati juu, ukungu ukiingia kwa mlango wa mbele na kutokea wa nyuma. Kazi yake ilikuwa kutengeneza slaidi za kufundishia, vile vioo vidogo vya kutazamwa chini ya hadubini. Tulichukua viinitete vya kuku, chura, samaki na mbuzi, tukavikata vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara, tukavipaka rangi na kuvipeleka vyuoni ili wanafunzi waone mwili unavyojijenga tangu siku za mwanzo.

Mkataji alikuwa mmoja tu, Mzee Yohana. Mtu wa Bumbuli, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, mrefu, mwenye koti juu ya sweta juu ya sweta. Nilimsalimu siku ya kwanza huku nimeshika ndoo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaweza kukaa kimya?"

"Naweza."

"Hujaweza. Umejibu."

Niliosha vioo miezi minne. Siku moja aliniita akaniweka mbele ya mashine yake. Nyinyi hamkuifahamu ile. Ilikuwa ya chuma cheusi, ina gurudumu la mkono, na kisu kirefu kama cha kinyozi wa zamani. Kila ukizungusha gurudumu mara moja, kipande cha nta kinashuka mbele ya kisu, kinakatwa utando mmoja mwembamba. Alifunga kipande cha nta akasema, "Kata."

"Nikate nini, mzee?"

"Nta."

Kiinitete hugandishwa ndani ya nta ndipo kikatwe, lakini hii haikuwa na kitu ndani. Nilikata nta tupu miezi miwili. Vipande vikitoka vizuri hushikana ncha kwa ncha na kuwa utepe mrefu, na utepe huo unaunyanyua kwa brashi ya manyoya, unaulaza juu ya maji ya uvuguvugu unyooke, kisha unauvua kwa kioo kilichopakwa ute wa yai ili ushike. Inasemeka kwa pumzi moja hivi. Kuifanya ni habari nyingine. Asubuhi za baridi, Juni na Julai, nta ilikuwa ngumu na utepe ulikatika kama biskuti. Tuliwasha jiko la mkaa nje, mbali na dawa za maabara zinazoshika moto, tukaingiza matofali yaliyopashwa tukayaweka karibu na mashine. Kiangazi, kinyume chake, utepe uliruka wenyewe ukang'ang'ania mkono wa sweta, na ukiutoa huko si utepe tena.

"Usipumulie utepe," Mzee Yohana alikuwa akisema. "Pumulia dirishani."

Niliwahi kupiga chafya mara moja. Nilipoteza ubongo wote wa chura. Mzee hakunigombeza. Alichukua daftari akaandika, "Chura namba saba, chafya," akalifunga.

Kisu tulikinoa wenyewe, kwanza kwenye jiwe la mafuta, kisha kwenye mkanda wa ngozi, nusu siku nzima. Vijana, nyinyi mnatoa wembe kwenye kasha mnautupa ukichoka. Siwasemi. Lakini sikio langu bado linakumbuka sauti ya kisu kilichokubali makali, na kuna asubuhi naisikia wakati hakuna mtu anayenoa chochote.

Baada ya nta tupu ndipo nilipewa yai. Mayai tulichukua kwa akina mama wa jirani, ya kienyeji, na ilibidi kwanza tuulize kama kuna jogoo, swali lililowachekesha kila mara. Tuliyaweka kwenye kitotoleshi, sanduku lenye joto la kuku anayeatamia, na kuyaandika saa kwa penseli. Yai la kwanza nililofungua lilikuwa la siku mbili na saa chache. Nililipasua ndani ya bakuli la maji ya chumvi yenye joto, kama nilivyoelekezwa, na juu ya kiini nikaona kidoa chekundu kinapiga. Ulikuwa moyo. Mkono wangu ulisimama.

"Hapo kila mtu husimama," alisema Mzee Yohana. "Sasa achana na moyo. Tazama kichwa."

Chini ya hadubini niliona kichwa kilichopinda, na kila upande duara dogo lenye duara jingine ndani yake.

"Macho hayo?"

"Macho. Na hayakuanzia usoni, Hidaya. Watu wote wanadhani jicho linaanzia usoni. Linaanzia ubongoni. Ubongo ungali bomba tu, hauna akili yoyote, unatoa vifuko viwili, kimoja kulia kimoja kushoto, na vile vifuko vinakwenda nje kuitafuta ngozi."

Alivua kofia yake ya sufu akaishika kwa ndani ikatuna kama mpira mdogo. "Hiki ndicho kifuko. Kikifika kwenye ngozi, ngozi ya pale peke yake inanenepa. Kwingine haifanyi hivyo. Inanenepa, inabonyea, inajifunga kama kifungo, inakatika kutoka kwenye ngozi nyingine. Hiyo ndiyo lenzi. Na kifuko nacho," akaipiga ile kofia ngumi taratibu kutoka mbele, "kinabonyea kinakuwa kikombe chenye kuta mbili. Ukuta wa ndani utakuwa retina, ndio utakaopokea mwanga. Ukuta wa nje utakuwa mweusi. Na haya yote yanafanyika gizani. Hakuna cha kuona bado."

Akavaa kofia yake akaenda kunywa chai.

Miaka iliyofuata nilikata macho mengi kuliko ninavyoweza kuyataja. Samaki, chura, kuku, mbuzi tuliopata machinjioni pale jike lilipochinjwa likakutwa na mimba. Umbo ni lilelile kwa wote, mpaka unasahau unamtazama nani. Kuna hata yule ndugu wa chura asiye na miguu, anayeishi ndani ya udongo wa misitu yetu na watu humdhani mnyoo mkubwa. Ukimtazama akiwa mzima huoni jicho, limefunikwa. Lakini tulipokata kiinitete chake, vifuko viwili vilikuwa vimetoka ubongoni vilevile, vimeelekea ngozini.

"Hata huyu alianza kama anayekwenda kuona," Mzee Yohana alisema, akakaa na slaidi ile mchana kutwa.

Kazi iliyonitesa kuliko zote ilikuwa mwanya wa chini. Kile kikombe cha jicho hakitengenezwi kizima kama cha chai. Kwa upande wa chini kinabaki na mwanya, kama nguo ambayo haijaunganishwa, na mshipa wa damu unaingilia hapo. Baadaye kingo mbili zinasogeleana, zinagusana, zinashikana, na mshono wenyewe unapotea usiweze kujua ulikuwapo. Kuupata kwenye slaidi lazima kiinitete kilale ndani ya nta kwa pembe ileile unayotaka. Kikilala vibaya kidogo, unakata jicho zima na mwanya huuoni. Nilishindwa miaka miwili. Nilipata upande mmoja nikakosa wa pili, nikapata wote nikakunja utepe. Siku niliyofanikiwa, vipande vyote kwa mpangilio, kingo zikiwa wazi, kisha zinagusana, kisha zimeshikana, Mzee Yohana aliinamia hadubini muda mrefu sana. Aliponyanyuka alisema, "Andika lebo."

Sikupata sifa nyingine kubwa kuliko hiyo kazini, na sikuhitaji.

Mdogo wangu Zaina alikuwa ameolewa Soni. Mume wake, Athumani, alikuwa mkulima wa kabichi na karoti, mtu mpole asiye na maneno. Maneno yote ya nyumba ile aliyashika mama yake. Zaina alijifungua mtoto wa kwanza, wa kike, siku ya Ijumaa, wakamwita Mwajuma. Nilikwenda siku ya tatu. Zaina alinipa mtoto bila kunitazama usoni. Nilisubiri afumbue macho, na alipofumbua nikaelewa. Mboni zake hazikuwa duara. Kila moja ilikuwa imeteremka chini kama tundu la ufunguo.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. "Macho ya paka," alisema. "Muulize mdogo wako alimfanya nini paka."

Nilimrudishia Zaina mtoto wake, nikaaga. Wiki mbili baadaye Zaina alipanda mpaka maabara na mtoto mgongoni. Nilikuwa nanoa kisu. Alikaa kwenye kigoda cha Mzee Yohana akaanza kulia bila sauti.

"Dada, ni kweli. Nilimmwagia paka maji ya moto. Alikuwa anakula dagaa. Nilikuwa na mimba na nilijua nina mimba."

"Mimba ya miezi mingapi?"

"Mitano."

Niliweka kisu chini. Nilitoa sanduku la slaidi, nikapanga zile tatu za mwanya chini ya hadubini, nikamwambia aje atazame. Mwanzoni hakuona kitu. Kila mtu huona kope zake kwanza. Nilimshika mabega nikamsogeza. Kisha akatulia.

"Hapo chini kuna mwanya," alisema.

"Ndiyo. Jicho la kila kiumbe mwenye uti wa mgongo lina huo mwanya. Langu lilikuwa nao, la mumeo, la mama mkwe wako. Kisha unafunga. Kwa Mwajuma haukufunga mpaka mwisho. Ndiyo maana mboni imeteremka, na mwanga utamwingia mwingi kuliko sisi."

"Unafunga lini?"

"Kwa binadamu ni kama wiki ya sita, ya saba. Miezi mitano jicho limeshafungwa zamani, Zaina. Paka hakuhusika."

Hakunyanyua uso kutoka kwenye hadubini. "Wiki ya sita," alisema. "Nilikuwa hata sijajua kama nina mimba. Tulikuwa tunapalilia maharage. Mvua ilikuwa nzuri mwaka huo." Akakaza fundo la mbeleko. "Ningependa kujua ilikuwa siku gani. Si kwa ubaya. Nijue tu nilikuwa nafanya nini wakati yeye anahangaika huko ndani peke yake."

Ni swali ambalo hakuna slaidi inayolijibu, na nimeishi nalo kuliko maswali yote ya wanafunzi.

Mzee Yohana alikuwa amesikia yote kutoka chumba cha pili. Alikuja akamtazama mtoto, akamchezea kidole, kisha akasema, "Waleteni wote. Mume na mama yake."

Walikuja Jumamosi. Nilidhani hawatakuja, lakini mama mkwe alikuwa na hamu ya kuona mahali penyewe, maana alikuwa amesikia tunafuga nyoka. Mzee Yohana alimsalimu kwa Kishambaa kirefu, akauliza mashamba, akauliza mifugo, mpaka nikafikiri amesahau shughuli. Kisha akamkaribisha kwenye hadubini kama anavyokaribishwa mgeni rasmi. Aliona kope. Alisogezwa. Akatazama.

"Hiki ni cha nani?"

"Cha kuku, mama."

"Mjukuu wangu si kuku."

"Kweli," alisema Mzee Yohana. Akatoa ile, akaweka ya chura. "Wala si chura," alisema mama mkwe. Mzee akaweka ya tatu. "Hii ni ya mbuzi."

Hapo yule mama alibadilika. Alikuwa amezalisha mbuzi tangu akiwa msichana. Alitazama muda mrefu, akauliza kichwa kiko wapi, mgongo uko wapi, akaelekezwa, akaridhika kwamba ni mbuzi kweli.

"Na huu ndio mwanya?"

"Ndio huo. Kwa huyu ulikuwa bado haujafunga."

"Nani anaufunga?"

"Hakuna, mama. Unajifunga wenyewe."

"Na usipojifunga, ni kosa la nani?"

Mzee Yohana hakuwa mtu wa kukimbilia kujibu. Alifuta miwani yake. "Nimekata hivi vitu miaka mingi," alisema. "Nimeona ambao haukufunga, kwa kuku, kwa chura. Sikuwahi kuona alama ya kidole cha mtu."

Mama mkwe alitoka nje. Nilimfuata nikidhani amekasirika. Alikuwa amesimama chini ya mkaratusi anajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Nimemsema sana mtoto wa watu," aliniambia. Tangu siku ile hakulitaja tena neno paka, na mtoto akilia jua likimchoma, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfunika.

Ningependa niishie hapo. Lakini Athumani, aliyesimama nyuma yetu muda wote ule, hakuinamia hadubini. Mzee alimkaribisha mara mbili, naye akasema, "Nimeamini, mzee, haina haja." Tulifurahi. Hatukujua kwamba mtu anayeamini bila kutazama anaweza pia kutoamini bila kusema. Mwaka haukuisha, akahamia Korogwe kwa mke mwingine. Hakugombana na mtu. Mama yake alimlilia Zaina kama analilia maiti, akamsindikiza mwenyewe mpaka kwetu Mlola akiwa amembeba Mwajuma.

Zaina alikaa nyumbani miaka michache, kisha akapata kazi ya jikoni kwenye shule moja huko Tanga akashuka. Mwajuma alibaki nami kwa ajili ya shule. Mimi na marehemu mume wangu hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na nafasi. Nilimshonea kofia yenye ukingo mpana dhidi ya jua. Mwalimu wake alikubali akae mstari wa mbele kabisa, na bado alinyanyuka kwenda kusoma ubao kwa karibu, kidole kikifuata maandishi. Saa tisa alikuja maabara kunisubiri. Mzee Yohana alimpa slaidi zilizovunjika azipange kwa rangi.

Siku moja, akiwa na miaka tisa hivi, alimuuliza, "Babu, yangu ni ipi?"

"Yako nini?"

"Slaidi yangu."

"Wewe hatukukukata," alisema Mzee Yohana. "Wewe tulikuacha uendelee."

Mzee alistaafu muda si mrefu baada ya hapo. Aliniachia kisu na mkanda wa ngozi, akasema nisimwazime mtu. Nilikuwa nikimtembelea Bumbuli kila nilipopata gari la kushuka Soni na kupanda tena. Miaka yake ya mwisho alikuwa hatoki nje, lakini alitaka kujua kila kitu: nta ya mwaka huu ikoje, nani amepiga chafya. Alifariki msimu wa matunda ya plamu. Nilizikwa naye nusu, kama watu wanavyosema kwa mume. Mimi nasema hivyo kwa mwalimu.

Zaina alimfuata miaka minne baadaye, kwa shinikizo la damu, ghafla, akiwa jikoni kwake. Tulikuwa tumezungumza kwenye simu asubuhi ile, habari ya kitunguu kupanda bei na kilemba changu alichokisahau kunirudishia. Kama ningejua ningeuliza mambo mengine. Nimejaribu kuyafikiria ni yapi, na sijayapata. Labda ningetaka tu aendelee kuongea.

Mwajuma wakati huo alikuwa ameshakuwa mwalimu wa shule ya msingi Tanga, miwani ya giza machoni, sauti kubwa kuliko mwili wake.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, Dokta Neema aliniita kwenye kompyuta yake. "Mama, njoo uone." Ilikuwa filamu ya kiinitete cha samaki aliye hai, mwili wake ukionyesha ndani kama kioo, picha zimechukuliwa moja baada ya nyingine na kuunganishwa. Vifuko viwili vilitoka ubongoni. Vilikwenda. Vilibonyea. Lenzi ikakatika ikaingia mahali pake. Na chini kabisa kingo mbili zikasogeleana, polepole, kama watu wawili wasiojuana, zikagusana, zikashikana. Kwa miaka yote nilikuwa nikiyajua hayo kwa vipande vilivyosimama, na kichwani ndimo nilimovitembeza. Kumbe vinatembea vizuri hivi. Niligeuka kumwita Mzee Yohana. Niligeuka kabisa, mdomo wazi, kuelekea kilipokuwa kigoda chake. Dokta Neema aliona, akajifanya anatafuta kalamu. Namshukuru.

Nilistaafu Juni. Mwezi wa nane Mwajuma alipiga simu. Alikuwa ameolewa na Rashidi, fundi wa redio na simu, miaka mitatu bila mtoto.

"Mama mkubwa, nina mimba."

"Alhamdulillahi. Ya muda gani?"

"Wiki ya tano."

Nikaanza kuhesabu kwa vidole.

"Najua unachohesabu," alisema. "Mimi pia nahesabu. Daktari wa macho aliniambia inaweza kwenda kwa mtoto, inaweza isiende."

"Kula vizuri," nilisema, kwa kuwa hakuna lingine.

Wiki tatu zile nilikuwa nalima maharage nyuma ya nyumba, na sikulima vizuri. Nilijua kila siku kinachotokea huko. Leo kikombe kimebonyea. Leo mshipa umeingia. Leo kingo ziko karibu. Kazini kwangu nilizoea kufika wakati mambo yameshasimama, kiinitete kimetulia ndani ya nta kinanisubiri. Safari hii kilikuwa kinaendelea, na mimi niko mlimani na jembe. Nilipiga simu kila asubuhi kwa visingizio: mvua huko ipo, samaki mnapata. Siku moja Mwajuma alicheka. "Mama mkubwa, leo nafundisha darasa la pili kutoa kwa kukopa. Kisha nitafua. Kisha nitalala. Andika, nimeona unataka kujua." Nikaandika kweli, kwenye kalenda ya ukutani, nikafanya hivyo mpaka wiki ya nane ilipokwisha.

Alijifungua mwezi wa nne, mvua za masika zikiwa zimeharibu barabara. Nilishuka Tanga na furushi la nguo na lile blanketi lenu, ambalo kwa joto la kule halikuwa na kazi. Mwajuma alikuwa amekaa kitandani, mtoto amelala mapajani, macho yamefumba. Wa kike.

"Hajafumbua nikiwa namtazama," alisema. "Nami sijamlazimisha. Mtazame wewe kwanza. Mimi nataka nikimtazama nimtazame tu, nisiwe natafuta kitu."

Nilimchukua. Rashidi alisimama dirishani. Tulikaa hivyo, sijui muda gani. Kisha mtoto akakunja uso, akapiga miayo, akafumbua.

"Kulia kumefunga," nilisema. "Duara zuri. Kushoto kuna mwanya mdogo."

"Mdogo kuliko wangu?"

"Mdogo sana kuliko wako."

Mwajuma alivuta pumzi ndefu. "Basi ataona ubao," alisema, akanyoosha mikono nimpe mwanawe.

Nilimtazama Rashidi. Nilimtazama kwa woga, sifichi. Niliwahi kumwona mwanamume mpole amesimama nyuma hivyohivyo. Alikuja akainama, akatazama jicho la kulia, akatazama la kushoto, muda mrefu kila moja.

"Jua litamuuma?" aliniuliza.

"Litamuuma kidogo, hilo la kushoto."

Akarudi dirishani, akavuta pazia.

Mtoto alipewa jina la Fatuma, la mama yake Rashidi, kwa kuwa zamu ilikuwa ya upande wa baba. Ni jina zuri. Nilikuwa na jingine moyoni na sikulitaja, maana si mahali pangu, na yule bibi alifurahi mno. Nilikaa Tanga siku arobaini. Asubuhi Mwajuma akiwa anaoga na Rashidi ameshakwenda kibandani kwake, nilibaki na mtoto peke yangu, nyuma ya lile pazia, na hapo nilikuwa nikimwita Zaina. Alikuwa akigeuka. Najua kwamba watoto wa umri ule hugeukia sauti yoyote.